Vyuo na ufadhili wa masomo Kisii na Nyamira: Hakikisha chuo kabla ya kulipa karo

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, yanapotangazwa, familia nyingi katika kaunti za Kisii na Nyamira huanza kupiga hesabu ngumu. Mashamba ya eneo hili ni madogo, na karo aghalabu hutokana na bonasi ya majani chai, mauzo ya ndizi au kipande cha ardhi kilichorithiwa. Anayekosea katika kuchagua chuo hupoteza fedha na miaka kwa pamoja. Ndiposa ni muhimu kufahamu mapema vyuo vilivyopo, fedha za umma zinakopatikana na utaratibu wa kuziomba.

Vyuo vilivyopo

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Kilikuwa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton kuanzia 1994, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2007, na hatimaye kikapewa hati ya kujitegemea mnamo Februari 2013.

Kwa mafunzo ya kiufundi, mjini Kisii kuna Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kisii, kilichojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology. Nyamira ina taasisi ya kiufundi ya Ekerubo Gietai. Chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kina mabewa Kisii na Nyamira, nayo hospitali ya misheni ya Tabaka ina shule ya wauguzi. Wanaotaka kuwa walimu wana vyuo vya Kenyenya, Kisii, na Borabu, Nyamira. Tangu 2021, vyuo vya walimu wa shule za msingi hutoa mafunzo ya diploma badala ya cheti cha P1.

Aidha, serikali za kaunti husimamia vyuo vya ufundi stadi vya mashinani, jukumu zilizokabidhiwa na Katiba ya 2010. Huko vijana hufunzwa ushonaji, uashi, umeme na useremala.

Gredi na nafasi

Shahada huhitaji gredi ya wastani ya C+ katika KCSE, na diploma ya kiufundi C-. Wenye D huweza kusomea cheti, na waliopata chini ya hapo bado wana nafasi katika kozi za ufundi wa ngazi ya chini. Hata hivyo, baadhi ya kozi, hasa za matibabu, huwa na masharti zaidi ya masomo mahususi.

Nafasi katika vyuo vya umma hutolewa na shirika la KUCCPS, lililochukua mahali pa iliyokuwa Bodi ya Pamoja ya Usajili, JAB, kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Hatua hii haifai kupuuzwa, kwa kuwa fedha za serikali humfuata mwanafunzi aliyepewa nafasi kupitia shirika hilo. Aliyepelekwa na KUCCPS katika chuo kikuu cha kibinafsi huweza kuomba mkopo, lakini hapati ufadhili wa serikali.

Ufadhili, mkopo na basari

Mambo haya matatu huchanganywa mara kwa mara. Ufadhili haulipwi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka wa 1995, sharti ulipwe pamoja na riba. Basari ni msaada mdogo ambao aghalabu hautoshi kulipa karo yote.

Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023, wanafunzi wa vyuo vikuu huwekwa katika makundi kulingana na uwezo wa familia. Katika makundi matano yaliyotumika 2024, kundi la wahitaji zaidi lilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikibakiwa na asilimia 5. Kundi la wenye uwezo lilibeba asilimia 40. Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo Desemba 2024, lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Machi 2025. Anayeona amewekwa katika kundi lisilomfaa ana haki ya kukata rufaa.

Basari za hazina ya maeneobunge, NG-CDF, hutolewa katika ofisi za maeneobunge, tisa Kisii na manne Nyamira. Ifahamike kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, ikaweka Juni 30, 2026 kuwa kikomo chake. Mwombaji aanze kwa kuuliza katika ofisi ya eneobunge lake. Kadhalika, ofisi za wadi na za wawakilishi wa wanawake huulizwa kuhusu basari za kaunti na za hazina ya NGAAF.

Tahadhari

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi athibitishe usajili wa chuo. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, vyuo vya kiufundi na TVETA, na shule za uuguzi na Baraza la Wauguzi. Jengo zuri mjini na bango kubwa barabarani si ithibati. Isitoshe, chuo huweza kuwa kimesajiliwa ilhali kozi fulani haijaidhinishwa. Kwa hivyo vyote viwili vikaguliwe.

Hatimaye, stakabadhi ziandaliwe mapema: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo, barua ya kujiunga na chuo, muundo wa karo, na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Hundi ya basari kwa kawaida huandikwa kwa jina la chuo, hivyo asiye na nambari ya usajili huweza kukosa fedha alizostahili. Mkopo nao huombwa upya kila mwaka.