Kutoka Vigango Hadi Mabati ya Mukuru

Maonyesho ambayo mchongaji huleta sanamu ya kushikwa, kuvaliwa au kuingiwa, na mchoraji akatundika kando yake picha za maisha yake mwenyewe, hayana miaka mingi katika kumbi za sanaa za Kenya. Nje ya kumbi, wazo lake ni la kale.

Wagiriama huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Kigango hakichongwi ili kitazamwe tu. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, na jamaa humwendea mzee wao hapo wanapofikwa na shida. Kwa hiyo vilipoibwa na kuuzwa ng'ambo, hasara haikuwa ya mbao: ndani ya kabati la kioo la makumbusho kigango hakina mjukuu wa kukihudumia. Mwaka 2007 viwili vilivyokuwa katika makumbusho ya Marekani vilirudishwa kwa familia ya wenyewe.

Wadawida wa milima iliyo juu ya Voi walikuwa na njia nyingine. Walifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda, wakayapanga katika mapango ya miamba, na ukoo ukaenda huko kutambika. Haifai kuyaita mafuvu hayo sanamu, kwa kuwa ni watu. Hata hivyo, ule mpangilio, pamoja na sharti la kwamba aliye hai aende mwenyewe na atende jambo, una undugu na kigango. Desturi hiyo ilififia kadiri Ukristo ulivyoenea baada ya wamisionari Waanglikana wa CMS kufungua kituo Sagalla mwaka 1883.

Sanaa ya ukumbini iliingia kwa mlango mwingine, na mmoja wa walioufungua alizaliwa jirani. Anayetoka Voi akapita Maktau na Taveta, kisha akavuka mpaka wa Tanzania huko Holili, hufika Himo, na hapo barabara hupanda kuelekea Marangu. Huko ndiko alikozaliwa Elimo Njau mwaka 1932. Alisomea sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, ambako Gregory Maloba, mchongaji wa mnara wa uhuru wa Kampala, alikuwa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alichora kwenye kuta za kanisa la Murang'a maisha ya Kristo yakiwa na watu na mandhari ya Kiafrika. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau.

Mwaka 1965 Njau, mkewe Rebeka Njau aliyekuwa mwandishi wa tamthilia, na wenzao walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Hiki kilikuwa kituo cha Waafrika wenyewe, na ubora wake mkubwa ni kwamba hakikutenganisha fani: mchoraji, mchongaji, mshairi na mwigizaji walikutana chini ya dari moja. Miongoni mwa wachongaji wake alikuwa Samwel Wanjau, aliyepigana msituni wakati wa Mau Mau na huko akatengeneza bunduki za kienyeji. Mikono iliyochonga vitako vya bunduki ndiyo iliyokuja kuchonga sanamu, na kwa hiyo tawasifu katika sanaa ya Kenya haikuwa mali ya wachoraji peke yao. Baadaye kituo kilihamia Ridgeways. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi na maktaba, pengo ambalo historia ya sanaa ya Kenya haitaliziba.

Gallery Watatu, iliyofunguliwa na Yony Waite, Robin Anderson na David Hart mwishoni mwa miaka ya 1960, iliwapa nafasi wachoraji waliojieleza wenyewe. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Uganda, alichora ng'ombe na ndoto zake. Sane Wadu aliacha ualimu akachora maisha yake na ya majirani. Katika kizazi kilichofuata, Cyrus Kabiru alitengeneza miwani kwa vyuma na takataka za Nairobi, sanamu ambazo hukamilika zinapovaliwa usoni.

Nyuzi hizi zilikutana kwa ukamilifu mkubwa zaidi katika kazi ya Wajukuu Art Project, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2004 katika mtaa wa Mukuru, Lunga Lunga, na wasanii wakiwemo Shabu Mwangi. Mwaka 2022 kilialikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, yaliyosimamiwa na kikundi cha ruangrupa cha Indonesia. Wajukuu waliuvika mlango wa jumba la documenta Halle mabati yaliyochakaa, wakajenga njia ya giza kama ya vichochoro vya kwao, iliyokumbusha pia manyatta ya Wamaasai. Mgeni hakuweza kuzifikia kazi zao bila kupita humo. Ndani zilimngoja kazi za Mwangi zenye watu waliobanwa na maisha, na sanamu ya Ngugi Waweru iliyoundwa kwa visu vilivyonolewa mpaka vikaisha. Mabati na visu ni vitu ambavyo wasanii hao wamekua navyo, na mgeni alipoinama kupita alikuwa tayari ndani ya masimulizi yao kabla ya kuona picha hata moja. Mwaka huohuo Wajukuu walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, iliyopewa jina la mwanzilishi wa documenta.