Ardhi Isiyo na Mwenyewe: Mabishano ya Mashamba na Viwanja katika Mangina na Teritwari ya Beni

Mangina iko umbali upatao kilometa 30 magharibi mwa mji wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Kilichokuwa kijiji cha wakulima wa kahawa, michikichi na kakao kimepanuka hata kikapewa hadhi ya komini ya mashambani. Penye komini panatakiwa viwanja vya nyumba, na viwanja hivyo havitoki angani: hutoka mashambani. Wanakijiji wanaokataa shamba lao lisipimwe ili kujengwa nyumba za wengine huitwa mara nyingi wapinzani wa maendeleo. Hata hivyo, tukiifuata historia ya ardhi katika nchi hii, tutaona kwamba mabishano hayo hayakuanza na nyumba. Yalianza na neno moja la sheria, ambalo wakazi wa Beni hawajalikubali hata kidogo: neno “tupu”.

Kwa desturi ya Wanande, ardhi haikuwa bidhaa ya kununuliwa. Ilikuwa chini ya mkuu wa ardhi, aliyekuwa na wajibu wa kuitunza rutuba yake kwa matambiko, na kila jamaa ilipata sehemu yake kwa kumtambua mkuu huyo. Mgeni aliyetaka kulima alikaribishwa kwa sharti la kutoa muhako, yaani zawadi ya kila mwaka, kama mbuzi au sehemu ya mavuno. Muhako haukuwa bei. Ulikuwa ushahidi wa uhusiano: mtoaji alikiri kwamba ardhi ina mwenyewe, naye mpokeaji alikiri kwamba mtoaji ana haki ya kukaa na kulima. Kwa njia hiyo shamba lililopumzishwa, makaburi, na msitu ambamo Wambuti na Wambuba waliwinda vilihesabiwa kuwa na wenyewe, hata kama jembe halikuonekana.

Sheria ya kigeni iliona jambo jingine. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi yote tupu ni mali ya serikali. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ikaeleza ardhi ya wenyeji kuwa ni ile waliyoikaa, waliyoilima au waliyoitumia kwa desturi zao. Maelezo hayo yangeweza kuwalinda watu, lakini aliyeamua kama ardhi inatumiwa au haitumiwi alikuwa ofisa wa serikali. Jicho lake lilizoea shamba lenye mistari iliyonyooka. Konde lililopumzishwa kwa miaka kadhaa lilikuwa kwake pori. Ndipo ikatolewa amri ya tarehe 31 Mei 1934 iliyodai uchunguzi ufanywe kabla ya ardhi kuitwa tupu. Kudaiwa kwa uchunguzi huo ni dalili tosha kwamba malalamiko ya wenyeji yalikwisha kusikika.

Wakati huohuo, vyombo viwili vikubwa vilikuwa vimekwisha kugawana Kivu. Cha kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Albert, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925, ikapanuliwa mwaka 1929 na tena mwaka 1935, nayo tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Cha pili ni Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928 na kupewa uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi. Mkulima aliyekuwa katikati ya hifadhi na mashamba ya walowezi hakuwa na hati ya kuonyesha. Alikuwa na muhako wake, na huo haukuandikwa popote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uhuru haukuondoa neno lile. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 iliirudishia serikali ardhi yote, na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikatamka katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya taifa peke yake, isiyouzika wala kupotea kwa kupita muda. Kifungu cha 387 kikaingiza ardhi ya jamii za vijijini katika milki ya serikali. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za jamii hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Kwa zaidi ya miaka 40 baadaye amri hiyo haikutolewa. Mamilioni ya wakulima wakabaki katika hali ya ajabu: desturi iliwapa shamba, sheria haikuwanyang'anya waziwazi, wala haikuwapa.

Mwanya huo ndio uliopitiwa na wenye fedha. Sheria inataka, katika vifungu vya 193 na 194, kwamba ardhi ya vijijini isitolewe kabla ya uchunguzi mahali penyewe, na wenye madai wasikilizwe. Lakini uchunguzi ukifanywa mezani, hati ya usajili huweza kutolewa bila mwanakijiji kujua, na baada ya miaka miwili hati hiyo haipingiki tena kwa urahisi. Mwenye hati akinyamaza miaka miwili kisha akatokea na wapima ardhi, mkulima hukuta saa ya kulalamika imekwisha kupita. Kwa sababu hiyo wakulima wa Beni na Lubero walijiunga katika chama cha kutetea maslahi yao, SYDIP, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1993. Walikwisha kutambua kwamba utetezi wa ardhi huanza kabla ya kigingi cha kwanza kusimikwa.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Kongo tu. Tanzania ilitunga mwaka 1999 sheria mbili, Na. 4 na Na. 5, zilizozitambua hati za kimila na mamlaka ya mkutano wa kijiji. Hata hivyo, sheria ile Na. 4 inaihesabu katika ardhi ya jumla hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Neno lile lile limeingia kwa mlango wa nyuma.

Katika Beni swali hili limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuwatoa watu vijijini. Waliokimbia huhitaji mahali pa kulala mijini, na mahitaji ya viwanja huongezeka. Nyuma yao wameacha mashamba yaliyomezwa na magugu. Mpima ardhi akifika huko, ataandika nini? Mwenye shamba yu hai, anaishi kwa jamaa yake Mangina au Butembo, akingoja amani arudi. Akikataa viwanja visipimwe juu ya shamba hilo, hapingi nyumba, kwani yeye mwenyewe hana nyumba. Anadai kwamba uchunguzi wa kifungu cha 194 ufanywe kwa dhati, na jina lake liandikwe kabla ya jina la mwingine.