Historia ya Jina "Ionosfera" na Funzo Lake kwa Wafasiri

Istilahi nyingi za sayansi hubuniwa kabla kitu chenyewe hakijafahamika barabara. Ionosfera ni mfano mmoja, na historia ya jina lake yafaa kuzingatiwa na kila mfasiri.

Mwezi Desemba, 1901, Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amenasa huko Newfoundland ishara za redio zilizotoka Poldhu, Uingereza, umbali wa kilomita 3,400 hivi. Mawimbi hayo yaliwezaje kuufuata mviringo wa dunia? Mwaka 1902 Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja peke yake, walitoa rai kuwa juu angani pana tabaka lipitishalo umeme, nalo huyarudisha mawimbi ardhini. Tabaka hilo likaitwa kwa majina yao.

Mwaka 1924 Edward Appleton na Miles Barnett walithibitisha kwa majaribio kuwa tabaka lipo. Baadaye Appleton aligundua jingine, la juu zaidi. La kwanza aliliita E, la pili F, na herufi D ikabakia kwa lile la chini. Jina la jumla, ionosfera, lilipendekezwa na Robert Watson-Watt mwaka 1926. Hapo jina liliacha kuwataja watu, likaanza kueleza kitu: sehemu ya angahewa yenye ioni na elektroni huru.

Maelezo hayo yana maana, kwa kuwa ioni hizo huundwa hasa na mionzi ya jua, urujuanimno na eksirei. Mchana tabaka D huyanyonya mawimbi ya masafa ya kati. Usiku hufifia, na stesheni za mbali zikasikika. Tabaka F hugawanyika mchana kuwa F1 na F2, kisha huungana usiku. Hali hubadilika pia kwa majira, na kwa mzunguko wa madoa ya jua wa miaka 11 hivi. Kwa hiyo kuiita ionosfera "dari" kungempotosha msomaji, kwani dari haibadiliki.

Hatuna budi pia kutenganisha maneno mawili. Tarehe 1 Septemba, 1859, Richard Carrington aliona mlipuko juani. Siku iliyofuata dhoruba ya sumaku ilivuruga telegrafu katika nchi nyingi. Eksirei za mlipuko hufika duniani kwa dakika 8 hivi, nazo huvuruga masafa mafupi upande wenye mchana tu. Dhoruba ya sumaku huja baadaye, mara nyingi baada ya siku moja au zaidi, nayo yaweza kuvuruga tabaka F2 kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Mfasiri akiyaita yote mawili "dhoruba ya jua", mwendesha mitambo ya redio asomaye tahadhari hiyo hatajua kama asubiri saa moja au siku tatu.

Kwa hiyo twapendekeza "mlipuko wa jua" kwa tukio la kwanza, na "dhoruba ya sumaku" kwa la pili.