Historia ya Uvimbe Unaofichwa

Shangazi yangu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, akaingia Kigoma na kitenge kimoja. Miaka mingi baadaye, akiwa amepita 60, alificha uvimbe kwenye titi karibu mwaka mzima. Nilipomuuliza sababu akasema, "Mwanangu, titi hili limenyonyesha saba, kazi yake imeisha. Nitamvulia nguo daktari kijana hivi hivi?"

Nilidhani aibu hiyo ni yetu tu. Kumbe ugonjwa na woga wake ni vya zamani. Papiri ya Misri, yenye miaka kama 3,600, inataja uvimbe wa titi ulio baridi ukiugusa, na inasema hauna tiba. Mwaka 1811, kule Paris, mwandishi Mwingereza Fanny Burney, mwenye miaka 59, alikatwa titi akiwa macho, maana dawa ya usingizi haikuwepo. Naye mwanzoni alikataa madaktari, hadi mume wake na marafiki wakambembeleza. Aliishi mpaka 1840.

Baadaye, Marekani, daktari William Halsted alifundisha kukata titi lote pamoja na misuli ya kifua. Wanawake wakaogopa zaidi. Lakini mwaka 1985 utafiti wa Bernard Fisher ulionyesha kwamba uvimbe ukiwahiwa, wengi wanaweza kutolewa uvimbe peke yake, wakapigwa mionzi, na wakaishi sawa na waliokatwa titi lote.

Kwa hiyo kilichobadilika ni tiba. Aibu bado ni ile ile. Na umri haukingi: kadiri miaka inavyoongezeka, hatari inaongezeka. Kunyonyesha kunapunguza hatari, hakuiondoi. Kutembea na kuacha pombe kunasaidia. Uvimbe, mara nyingi usiouma, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu: usingoje, nenda zahanati.

Ndugu wahudumu, kwenye semina tunaona mnaita wajawazito na wanaonyonyesha. Waiteni na bibi zetu, na awepo mhudumu mwanamke.

Shangazi alipewa rufaa. Kwa kuchelewa, alikatwa titi lote. Yuko hai. Jioni anakaa mlangoni, na kila bibi anayepita kwenda bombani anamuuliza bila haya, "We mama, umejikagua?"