Safu ya Lugha: Vipuri, si vipuli
Ukipita Gerezani, Kariakoo, utakuta vibao vya maduka vimeandikwa “vipuli vya magari”. Jamani! Kipuli ni pambo la sikio, linaloning'inia kwenye ndewe. Kinachouzwa pale ni kipuri: kifaa cha kushika nafasi ya kilichochakaa au kuvunjika. Mwenye MGB ya 1965, gari la michezo la Kiingereza, akisaka sindano za kabureta zake mbili za SU, anasaka vipuri. Spea, tuliyoichukua kwa Waingereza, si kosa, ila inabeba mawili: dereva akisema “sina spea”, huenda anasema tairi la akiba. Tena kipuri si lazima kiwe kipya. Kilichong'olewa kwenye gari bovu nacho ni kipuri, cha mtumba. Wachora vibao, andikeni R.