Mwafi, Ubao wa Herufi na Amri ya Nane

Mwaka 1891 unakumbukwa katika nchi ya Konde kuwa ni mwaka wa Injili. Wamoravian waliweka kituo chao Rungwe, na wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza kazi Wangemannshöhe. Mwaka huo huo, huko Marekani, Elijah Bond alipewa hati ya uvumbuzi wa Ouija, yaani ubao wa herufi ambao watu huweka vidole juu ya kibao chake kidogo, wakitarajia roho zikiongoze kuandika majibu. Mambo haya hayakuhusiana. Hata hivyo, yanatuletea swali moja: chombo kinapomtaja mtu, ni nani anenaye?

Wamisionari walikuta huku chombo cha namna hiyo, nacho ni mwafi. Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi hubeba chatu tumboni, na kwamba abamanga, watetezi wa kijiji, humwona usiku katika ndoto. Watu waliposhtakiana, walinyweshwa dawa ya mwafi. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Aliyeshindwa kutapika alihukumiwa kuwa mchawi, na mara nyingi alilazimika kuhama. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti kwetu katika miaka ya 1930, wameyaeleza mambo hayo kwa heshima. Walionyesha kwamba imani hiyo ilikuwa pia na maadili ndani yake: mtu mchoyo au mwenye kudharau wazee aliogopa pumzi ya majirani zake. Lakini kutapika kulitegemea kiasi cha dawa, nguvu yake na tumbo la mnywaji. Tumbo halijui haki.

Tusidhani kwamba ushirikina ni wa Kyela na mashaka ni ya Ulaya. Mwaka 1853, watu wenye elimu wa London walipokuwa wakisisimkwa na meza zilizozunguka chini ya mikono yao, Michael Faraday alitengeneza kifaa kilichoonyesha kwamba mikono yenyewe ndiyo iliyosukuma, wenyewe wasijue. Ubao wa herufi hufanya kazi vivyo hivyo. Waliokaa mezani hawakuwa waongo. Walidanganywa na mikono yao wenyewe. Na katika Wittenberg ya Luther, mwaka 1540, watu wanne walichomwa moto kwa shtaka la uchawi. Mwaka mmoja kabla yake, Johannes Brenz, mwana matengenezo mwenzake Luther, alikuwa amehubiri kwamba mvua ya mawe hutoka mkononi mwa Mungu, wala si kwa wachawi. Kwa hiyo imani na mashaka vimekaa pamoja katika nyumba yetu wenyewe ya Kilutheri tangu mwanzo.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifanya kuwa kosa kumtaja mtu kuwa mchawi, isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Mwafi ulipigwa marufuku, lakini swali la mfiwa halikupigwa marufuku. Ndiyo sababu, katika miaka ya 1950 na 1960, watu wa nyanda zetu za kusini walisafiri hadi Rumphi, Malawi, kwa Lighton Chunda, aliyejulikana kwa jina la Chikanga, ili awataje wachawi na kuwatakasa waliotajwa. Alison Redmayne, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1970, aliwafuatilia Wahehe waliotoka mbali kuliko sisi. Na mwaka 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali yetu ilibidi kuwapiga marufuku tena wapiga ramli.

Katika matanga hapa Busale bado nasikia swali lile lile. Watu hawaulizi, "Ugonjwa gani?" Huuliza, "Nani?" Siku moja ramli ilimtaja mjane mmoja, mshiriki wetu wa siku nyingi. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya kuabudu sanamu, na watu wakaitika Amina. Kiti cha mjane kilikuwa kitupu. Sikwenda kwake wiki ile.

Hapo nilitambua upungufu wetu. Tumezoea kuihukumu ramli kwa Amri ya Kwanza na ya Pili, na ni sawa, kwa maana Katekisimo Ndogo inautaja uchawi katika Amri ya Pili. Tunafundisha pia Kumbukumbu la Torati 18 na habari za Endori katika 1 Samweli 28. Lakini ramli hutoa ushuhuda juu ya jirani, ushuhuda usioweza kuhojiwa wala kujibiwa. Kwa hiyo ni kosa pia la Amri ya Nane, ambayo Luther aliifafanua kwamba tumtetee jirani na kumnenea mema. Na mwisho wake huweza kuwa ni kosa la Amri ya Tano.

Wanafunzi wetu watabishana kama roho huweza kusukuma kibao au la, nao wabishane. Lakini mchungaji hana budi kufanya mambo mawili hata kabla ubishi haujaisha: kuketi na mfiwa hadi swali lake la "nani" ligeuke kuwa maombolezo mbele za Mungu, na kwenda nyumbani kwa aliyetajwa, mchana, watu wakiona.