Vitz yako haikupimwa barabara ya Mombasa

Kila nikiweka video ya gari, komenti ya kwanza ni ileile: "Hii inakula aje?" Na kabla hata sijashika simu kujibu, kuna jamaa ashajibu. Cc 1000 haili, inanusa tu. Huyo jamaa huwa na namba kabisa, kilomita 20 na kitu kwa lita. Ameipata kwa muuzaji wa magari, muuzaji ameipata kwenye karatasi iliyotoka Japan, na hapo stori inaishia.

Mimi nataka tuirudishe nyuma kidogo. Hiyo namba ilizaliwa wapi? Nauliza kwa sababu kuna watu wanaichukulia mkopo wa Sacco. Mwezi wa tisa 2023 petroli ya Nairobi ilifika shilingi 211.64 kwa lita, miezi miwili tu baada ya VAT ya mafuta kutolewa asilimia 8 ikawekwa 16. Tangu hapo sijaona mtu akinunua gari bila kutaja cc. Mtu anapiga hesabu ya Krismasi, Nairobi hadi Mombasa na kurudi, anagawanya kilomita kwa ile namba, anatenga pesa. Halafu anafika Voi wakati wa kurudi na mshale umelala.

Zamani sifa ya gari hapa ilitengenezwa hapa. Safari Rally ilianza 1953, na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ikashinda mwaka huohuo. Peugeot 504 ilishinda 1975. Najua rally haipimi mafuta, usiniambie. Ninachosema ni kwamba mzee aliyenunua 504 ya kwenda nayo nyumbani alikuwa ameiona au ameisikia kwenye tope letu na milima yetu. Aliijua kwa barabara yake.

Sasa njoo Japan. Baada ya vita kuu ya pili nchi haikuwa na pesa wala mafuta yake yenyewe, na serikali ikatunga daraja la gari ndogo kabisa, kei, zenye ushuru mwepesi. Kufikia 1955 kikomo cha injini kilikuwa cc 360. Mwaka 1976 kikapanda hadi 550, na 1990 hadi 660, ambacho ndicho kipo mpaka leo. Zile Alto na Every unazoziona Nairobi zinatoka kwenye sheria hiyo. Juu ya kei kukawa na ngazi nyingine, na ngazi ya kwanza ya ushuru wa kila mwaka ilikuwa gari isiyozidi cc 1000. Kwa miaka mingi mwenye gari hiyo alilipa yeni 29,500.

Vitz ilitoka Januari 1999 ikiwa na injini ya cc 997. Ile ya 2005 ikawa na ya silinda tatu, cc 996. Angalia hizo namba vizuri. Hakuna mhandisi aliyeota usiku kwamba 996 ndiyo inafaa kupanda Salama na watu watano. Ni injini iliyokatwa ipite chini ya mstari wa mtoza ushuru, itumike kupeleka mama sokoni Osaka. Na nikwambie kitu kingine: mpaka mwaka 2000, gari za kei hazikuruhusiwa kupita kilomita 80 kwa saa kwenye barabara za kasi za Japan. Wenyewe walijua ni gari za kazi gani.

Na ule mtihani wa mafuta? Hapa ndipo nilicheka peke yangu. Kuanzia 1991 Japan ilitumia kipimo kinaitwa 10·15. Gari inawekwa ndani ya jumba, magurudumu yanazunguka juu ya rola, dereva anafuata mchoro kwenye skrini. Mtihani mzima ni sekunde 660, dakika 11. Umbali ni kilomita 4 na kidogo. Mwendo wa wastani ni kama kilomita 23 kwa saa, na kasi ya juu kabisa, kwa muda mfupi tu, ni 70. Baadaye ukaja mwingine, JC08, wa dakika 20, kasi ya juu 81.6. Mwendo wa wastani hata huko ni 24.4.

Kwa hivyo ile "kilomita 20 na kitu" ni gari iliyotambaa ndani ya nyumba, bila upepo na bila mlima. Ni namba ya kweli. Hawakudanganya mtu. Ilipimwa kwa maisha yao, kwa foleni za Tokyo, kisha ikapanda meli pamoja na gari. Ukaguzi wa lazima wa Japan unakuja miaka mitatu baada ya kununua gari mpya, halafu kila miwili, na ni ghali, kwa hivyo wengi wanaona heri wauze. Sisi tunaendesha upande mmoja na wao, soko letu likafunguliwa miaka ya tisini, sheria yetu inakubali gari isiyozidi miaka minane. Tukapokea gari, tukapokea na imani yake. Hata ushuru wetu umekuja kuiunga mkono, maana ukivuka cc 1500 unatozwa zaidi. Tumefundishwa kuhesabu cc kama ni lita.

Wamarekani walipitia haya mbele yetu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha mafuta, na ndani ya miezi michache pipa likatoka kama dola 3 hadi karibu 12. Januari 1974 Nixon alitia sahihi sheria ya kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 88, kuokoa petroli. Gari ndogo za Japan zikaanza kununuliwa. Lakini kipimo chao cha barabara kuu kilikuwa na kasi ya juu ya maili 60, na madereva wakalalamika kwamba hawaipati ile namba ya kwenye kibandiko. Serikali ikasalimu amri. Kuanzia modeli za 1985 waliikata namba ya mjini kwa asilimia 10 na ya barabara kuu kwa asilimia 22. Ona ni ipi iliyokatwa zaidi.

Sababu yake ni upepo. Niliacha kampasi mwaka wa pili lakini hesabu hii ni ya sekondari: nguvu ya hewa inayokuzuia inakua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 80 ukaenda 110, ambayo sheria yetu inaruhusu kwa gari ndogo, hewa inakusukuma nyuma karibu mara mbili. Hewa haijui cc yako. Inajua umbo la gari na ule mzigo wa magodoro umefunga juu ya paa. Ndiyo maana kwa mwendo huo Vitz ya 1000 na ya 1300 zinakaribiana sana, na ukijaza watu na mizigo tofauti inaweza kupotea kabisa, kwa sababu ile ndogo inashuka gia na kulia kwa kila kilima.

Halafu kuna mlima wenyewe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya Mombasa. Chukua Vitz na watu na mizigo, tani 1.3. Kuinua uzito huo mita 1,600 ni megajuli kama 20. Lita ya petroli ina kama 32, lakini injini inageuza robo hivi tu kuwa kazi. Hizo ni kama lita mbili na nusu, kupanda peke yake, kabla ya upepo, kabla ya eisii. Wakati wa kwenda mlima unakusaidia, ukifika Mombasa unatangazia kila mtu kwamba gari inanusa. Wakati wa kurudi inakudai. Mtu akinipa namba ya Mombasa namuuliza ilikuwa ya kwenda au ya kurudi.

Sasa kile kitu kinachoniudhi zaidi. Namba ikikataa, watu wanaitafuta kwa nguvu, na njia tuliyorithi ni kuweka free kwenye mteremko. Ilikuwa na maana kidogo enzi za kabureta, kwa sababu injini ilivuta mafuta hata mguu ukiwa juu. Gari yoyote ya kisasa ya injeksheni, ukiachilia mguu ikiwa kwenye gia, kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiweka free, injini inabidi ijiwashe yenyewe, kwa hivyo ndipo inaanza kula. Lori la dizeli ni vilevile. Na umetupa breki ya injini, umebaki na breki za miguu zinazochemka. Salgaa ilipata jina lake namna hiyo, madereva wa malori wakilaumiwa miaka nenda miaka rudi kwa kushuka free ili waokoe mafuta, mpaka serikali ikatenganisha barabara pale. Watu wamezikwa kwa ajili ya akiba ambayo haikuwepo.

Matatu nazo zimefungiwa 80 tangu sheria za Michuki za 2004. Zilikuwa za kuokoa maisha, si petroli, lakini jaribu 80 na Vitz yako hadi Mtito Andei uone mshale unavyokuwa mpole. Utapitwa na kila mtu. Utafika labda dakika 50 nyuma yao.

Na kama bado unataka namba ya karatasi, kuna habari nzuri kidogo. Kuanzia 2018 Japan imehamia kipimo kipya, WLTC, na gari hizo ndizo zinaingia bandarini sasa. Karatasi yake inatenganisha mjini, nje ya mji, na barabara ya kasi. Mwambie muuzaji akuonyeshe huo mstari wa tatu, asikusomee ile namba kubwa ya juu. Ujue tu kwamba hata huo wa tatu unaishia kilomita 97 kwa saa. Kipande cha kasi zaidi, kinachofika 131, Japan waliamua kukiacha nje, kwa sababu kwao hakuna anayeendesha hivyo.